Kiapo cha Barnabé juu ya Gari la Umeme

Mume wangu anauza esansi, yaani petroli, na mdogo wangu ana gari la umeme. Mkisikia kelele nyumbani kwetu Jumapili baada ya misa, msidhani kuna mwizi. Ni hao wawili, wanakula ugali wangu na samaki wangu, na kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole chenye mchuzi.

Mume wangu, Barnabé, ni mtu wa Kiambi, kule mto Luvua unakopita, upande wa Manono. Alifika Kalemie akiwa kijana, akaanza kuuza esansi kando ya barabara, kwenye chupa na madumu, na mpaka leo meza yake iko palepale chini ya mwavuli uliochanika. Esansi yetu inavuka ziwa kutoka Kigoma. Ziwa likikasirika, mume wangu naye anakasirika, nami napika mapema ili ashibe na anyamaze.

Mimi na mdogo wangu Ulrich tulizaliwa Baraka, kaskazini ya ziwa. Tulishuka huku na wazazi wetu, na hatukujua kazi nyingine isipokuwa samaki. Ulrich anauza samaki na barafu, na anavuka Kigoma mara kwa mara. Huko ndiko alikoliona lile gari, dogo, jeupe, limeshatumiwa na watu wengine, akalipenda kama mtu anavyompenda mwanamke asiye na ndugu wa kumshauri. Likapakiwa kwenye meli, likashushwa bandarini kwetu, na mji mzima ukaenda kulitazama.

Lilikuwa na kasoro moja, honi yake ilikufa safarini na hakuna fundi aliyeweza kuifufua. Na kwa kuwa gari lenyewe halingurumi, mbuzi hawakulisikia, wala mama mwenye beseni kichwani hakulisikia. Ulrich alikuwa anaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, anapiga miluzi kama mchunga ng'ombe.

Hapa lazima niwaambie desturi yetu moja. Kalemie gari likizima halina mwenyewe, ni la wote. Huombi msaada. Watu wanaacha walichokuwa wanafanya, wanaweka mikono nyuma ya gari, wanasukuma. Dereva naye anashuka asukume, kwa sababu si adabu kukaa na kusukumwa kama maiti ndani ya jeneza. Usukani anapewa mzee yeyote aliye karibu, maana mgongo wa mzee si wa kusukumia tena.

Basi wiki ile ya kwanza Ulrich alisimamisha gari lake barabarani, akavuka kununua ndizi. Watu wakaona gari limesimama, kimya, halitoi hata moshi. Wakasema masikini, limezima. Wakaja wavuvi, wakaja madereva wa pikipiki, wakamwingiza mzee mmoja mpita njia kwenye usukani, wakaanza kusukuma. Magurudumu yalikuwa yamefungwa, halikusogea hata kidole. "Tia ya mbili, Papa!" wakapiga kelele. "Ya mbili!" Mzee anatafuta gia, haioni. "Hamuna ya mbili humu!" Wakasukuma mpaka jasho likawatoka, na Ulrich anakimbia na ndizi zake mkononi akiwasihi waache. Barnabé aliyaona yote kutoka mezani pake. Alicheka mpaka mwavuli ukamwangukia.

Tangu siku hiyo hapakuwa na Jumapili ya amani.

"Shemeji," Barnabé anaanza, hata sala ya chakula haijamaliza kupoa, "hapa kwetu kuran inakujaka kama mugeni, inaenda bila kuaga. Na wewe unanunua motokari ya kuran. Unasharje wapi, kwa padri?" Kuran ndiyo umeme, kwa kinywa cha huku kwetu.

"Niko na jua juu ya nyumba. Jua haingojake meli ya Kigoma."

"Na wakati ya mvua? Utaendesha na maombi?"

"Wakati ya mvua nitatembea polepole. Lakini wewe, ziwa ikichafuka, unauza nini? Chupa?"

Hapo Barnabé hutafuta mfupa wa samaki wa kutafuna, ili apate muda. Nisiwafiche, mara nyingi niliwaona wote wawili wana haki, na ndiyo maana nilikuwa nachoka. Mtu mwenye kosa unaweza kumnyamazisha. Wenye haki wawili utawafanya nini?

Kuna jambo moja tu ambalo Barnabé alilisema bila kucheka. Lilikuwa la mawe. Manono kuna mawe yanayotafutwa kwa ajili ya betri za magari hayo, na mume wangu ana ndugu huko, na kaburi la baba yake liko huko.

"Wanachimba kwetu," alisema Jumapili moja, sauti imeshuka. "Mawe inaenda mbali, inarudi na magurudumu, na sisi tunabaki na mashimo. Kiambi hata taa hakuna. Ndio maendeleo hiyo, shemeji?"

Ulrich aliosha mikono kwanza.

"Sijue jiwe ya betri yangu ilitoka wapi," alisema. "Hakuna mwenye kujua. Lakini kama ni ya kwenu, basi moja imerudi nyumbani. Umupokee."

"Nitaipokea siku itanisalimia kwa Kiluba."

Tulicheka sote, na ikapita. Wiki chache baadaye alikufa katekista wetu, na Ulrich akaja matangani na gari lake. Kumbe nyuma lilikuwa na tundu la kuchomekea waya, gari lenyewe linatoa umeme. Kipaza sauti cha kwaya kiliimba siku nzima bila jenereta, na watu wakamsifu Ulrich mbele ya marehemu. Barnabé hakuvumilia. "Kumbe ulinunua redio yenye magurudumu," alisema. Ulrich akamjibu, basi apande gari amrudishe nyumbani, aone kama redio inatembea. Na hapo, mbele ya kwaya, mume wangu akapitisha kidole shingoni na kukielekeza mbinguni.

"Mungu mumoja! Mimi Barnabé sitaingia ndani ya motokari inayotembea na kuran. Sitaingia mpaka munizike."

"Papa Glodie," nikamwambia, "usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Nilisema tu kama mtu anavyosema methali. Sikujua ninasema nini.

Glodie ndiye mtoto wetu wa mwisho. Mume wake, Chris, anafanya kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Kabimba, na mimba ilipokuwa kubwa alituletea mkewe ajifungulie kwetu. Ilikuwa miezi ya mvua. Upepo ulifunga ziwa, meli zikabaki Kigoma, na esansi ikaisha mjini. Meza ya Barnabé ilikuwa na chupa tupu na kunguru mmoja. Alibakiwa na dumu moja chini ya kitanda chetu, ameliweka kwa safari ya Kiambi kwenda kumwona mama yake. Halafu ikanyesha mvua moja ya hasira, ikaangusha nguzo, na umeme nao ukaenda.

Asubuhi hiyo ndiyo Glodie alipozaa, kabla ya wakati wake.

Alikuwa msichana. Mdogo, jamani. Nimewasafisha samaki wakubwa kuliko yule mtoto. Kila akivuta pumzi kifua chake kilizama ndani, kinakuwa kama mfuko wa nailoni uliokanyagwa. Mkunga wa kituo chetu cha afya, Mama Christiane, mwanamke asiyepoteza maneno, alimwekea mpira mdogo puani, akawasha mashine ya oksijeni, na jenereta ikanguruma nje.

"Mama Rosine," akaniambia, "mutoto anapumua kwa hii mashine. Mapafu yake haijakomaa. Ikifika kesho, kesho kutwa, anaweza kujitegemea. Lakini mashine ikizima leo, siahidi kitu."

Kwetu ndugu wa mgonjwa ndio wanaoleta esansi ya jenereta. Barnabé hakungoja kuambiwa. Alikwenda nyumbani, akarudi na lile dumu la Kiambi begani, akalimimina lote. Hakubakiza hata ya kunusa. Halafu akakaa karibu na jenereta, mkono juu ya tangi, anaisikiliza.

Lakini jenereta ina tumbo kubwa. Jua likiwa bado juu, nyuma ya mawingu, alifungua kizibo, akachungulia, akafunga. Akasimama. Akatoka kwenye geti bila kuniambia neno.

Nitasema nilivyohisi. Nilimkasirikia kuliko siku zote za ndoa yetu. Nilisema moyoni, huyu amekimbia, hataki kuona. Wanaume wengi miguu huwawasha kwenye mambo ya uzazi. Glodie aliuliza, "Papa iko wapi?" Nikamwambia ameenda kutafuta esansi, na wote wawili tulijua Kalemie nzima haikuwa na tone.

Jenereta ilikohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Mama Christiane alichukua kifuko cha mpira cha kusukumia hewa, akamfunika mtoto uso kwa kikombe chake, akaanza kumpulizia kwa mkono. Kubana, kuachia. Kubana, kuachia. Midomo ya mtoto ilikuwa inageuka rangi. Glodie hakulia, alinishika kidole tu, anakibana na kukiachia kwa mwendo uleule wa mkunga. Nilisali kwa Kibembe, kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa kimekwisha.

Ndipo tuliposikia mtu anapiga kelele barabarani.

"Tokeni! Tokeni njiani! Mama, toa beseni! Mbuzi ya nani hii? Tokeni!"

Nilikwenda dirishani. Barnabé alikuwa anakimbia katikati ya barabara, amevua viatu, shati limefunguka, tumbo lake lote la ugali wangu linatangulia. Nyuma yake, kimya kabisa, lilikuja lile gari jeupe, na Ulrich kwenye usukani. Watu walikuwa wanaruka pembeni. Mume wangu alikuwa honi ya gari la shemeji yake.

Baadaye Ulrich alinisimulia. Alikuwa ufukoni anapakia samaki na barafu Barnabé alipomfikia, hana pumzi. "Ile redio yako," alisema, "inaweza kuimbisha mashine ya mutoto?" Ulrich alielewa mara moja. Akashusha samaki wote mchangani, akamfungulia mlango. "Ingia, shemeji." Barnabé akakataa. "Niliapa mbele ya maiti. Sasa mutoto iko katikati ya kifo na uzima, nianze kumuchezea Mungu? Endesha. Nitakufungulia njia." Akakimbia kutoka ziwani mpaka kituoni, na kilima kile mnakijua. Unaweza kumwita mpumbavu. Mimi nilipomwona nililia kwa sauti, na hasira yangu yote ikatoka na machozi.

Ulrich alisogeza gari mpaka chini ya dirisha, akapitisha waya, Mama Christiane akachomeka kwa mkono mmoja huku mwingine unabana kifuko. Mashine ikalia tena. Hamjawahi kusikia wimbo mzuri kama ule. Tulikaa tunatazama midomo ya mtoto, hakuna aliyesogea, mpaka rangi yake ikarudi polepole.

Gari lile lilisimama pale dirishani siku hiyo, usiku wake, na siku iliyofuata, na halikwenda popote. Watu waliokuwa wanabishana kama gari la umeme lina faida walikuwa wanauliza linafika wapi, linapanda mlima gani, linabeba mizigo mingapi. Hakuna aliyeuliza linafanya nini likisimama. Mama Christiane aliomba taa moja ya chumba cha uzazi. Halafu friji ya dawa. Halafu akaja mama mwingine, naye mtoto wake anahema vibaya, ikawa mashine mbili. Kila alipoomba aliuliza kwa haya, na kila mara Ulrich alisema, "Chomeka, Mama." Mvua ilikuwa imemnyima jua siku nyingi, kwa hiyo betri haikuwa imejaa tangu mwanzo. Alikuwa anaingia ndani ya gari, anatazama alama ya betri, anatoka na uso wa mtu aliyesikia habari za kawaida. Samaki wake waliozea mchangani. Hakuwataja, si siku ile wala siku yoyote.

"Yaya, kula," aliniambia, ananipa ndizi. Mimi ndiye dada yake mkubwa, mimi ndiye niliyepaswa kumlisha.

Umeme wa mji ulirudi siku ya pili, mchana, na kelele za furaha zikasikika mtaa mzima. Mama Christiane alihamisha waya ukutani. Kisha, kwa kuwa alikuwa amemtazama mtoto muda mrefu, akasema tujaribu. Akautoa mpira puani.

Tukangoja. Kifua kidogo kikapanda chenyewe. Kikashuka. Kikapanda. Halafu yule mtoto akakunja uso, kabisa kama babu yake esansi ikichelewa, akalia. Sauti yenyewe ya paka mdogo, lakini ilikuwa yake, hakuiazima kwa mtu. Barnabé alienda kona ya chumba akageukia ukuta, na mabega yake yakawa yanacheza. Mungu, aksanti. Niliisema mara nyingi sana, mpaka Glodie akaniambia, "Mama, amesikia."

Nje, Ulrich alikaa kwenye gari lake, akabonyeza, halikujibu kitu zaidi ya vitaa viwili vidogo. Lilikuwa limetoa vyote. Akashuka, akalifungua magurudumu.

Sikuwaita watu. Nimeshawaambia, Kalemie gari likizima ni la wote. Wakaja wavuvi, wakaja madereva wa pikipiki, wengine walewale wa siku ya ndizi. Akaja hata mume wa yule mama mwingine, mwenye mtoto wa mashine ya pili. Hakuna aliyepiga kelele za gia ya mbili. Ulrich akaweka mikono nyuma pamoja nao, kama desturi inavyotaka, na wote wakaangalia huku na huku wamtafute mzee wa kushika usukani.

Mzee alikuwa mmoja. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za kituo, hana viatu, macho mekundu.

Kila mtu alikijua kile kiapo. Wengine walikuwepo matangani, wengine walisimuliwa, na kwetu kiapo cha mtu mzima hakichezewi. Ulrich akasema, "Haina mambo, shemeji. Tutatafuta mwingine."

Barnabé akateremka ngazi. Akalizunguka gari, analitazama kama mtu anavyotazama dumu aone kama linavuja.

"Niliapa sitaingia ndani ya motokari inayotembea na kuran," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Sasa hii iko na kuran?"

"Hata tone, shemeji."

"Yote imeenda wapi?"

Barnabé akaelekeza kidole dirishani, kule Glodie alikokuwa na mtoto kifuani.

"Yote iko mule," akasema. "Basi kiapo changu hakijavunjika." Akafungua mlango, akaingia, akakaa.

Watu walicheka, wakasukuma, wakaimba. Gari likapanda kilima kilichobaki kwa nguvu za miguu, halina esansi, halina umeme, na mume wangu kwenye usukani amenyooka kama gavana. Nilitembea pembeni mpaka nyumbani kwa Ulrich. Walipolifikisha uani, chini ya zile paneli zake za jua, wasukumaji wakatawanyika, na Ulrich akaingia ndani kulala bila hata kunawa.

Leo bado wanabishana. Jumapili iliyopita ilikuwa kuhusu bei ya matairi. Mashimo ya Manono bado yapo, Kiambi bado hakuna taa, na Barnabé bado anauliza swali lake la mawe, na ana haki aulize. Mimi nikiulizwa kama magari hayo yana faida, nawaambia wanitolee mtoto mgongoni kwanza, ndipo nitafikiri.

Lakini siku ile, pale uani, Barnabé alidhani ameachwa peke yake. Alishuka, akafunga mlango polepole, mtu anayebamiza milango yote ya nyumba yangu. Akaja mbele ya gari, akapiga makofi mawili matupu, mikono imekunjwa kidogo, akainamisha kichwa, kama wanavyoamkiana watu wa kwao wakikutana mbali na nyumbani. Akaweka kiganja juu ya boneti.

"Wafwako," akasema. Ni asante ya Kiluba.